Maji ya kuruka: nguvu yake yatoka wapi?

Wengine wenu mmekwisha kujaribu kutengeneza maji ya kuruka bustanini: pipa juu ya matofali, tuyo chini yake, na mdomo mdogo unaotazama juu. Mwaka mmoja nami nilifanya hivyo pamoja na vijana wa misioni. Maji yalipanda kidogo tu. Nikawaambia: «Tulete pipa kubwa zaidi, uzito wa maji mengi utayasukuma.» Tulitoa feza, tukaleta pipa pana mara mbili, ingawa kwa urefu lilikuwa sawa na lile la kwanza. Maji yakaishia palepale. Vijana walinitazama, nami nikanyamaza.

Kosa lilikuwa wapi? Sheria ya jambo hili iliandikwa mwaka 1644 na Evangelista Torricelli wa Italia. Mwalimu wake kule Roma alikuwa Benedetto Castelli, mmonaki wa Mtakatifu Benedikto, aliyetoa kitabu juu ya kupima maji ya mito mwaka 1628. Sheria yasema: mbio ya maji yanayotoka yafuata kimo, maana yake urefu toka mdomo wa tuyo hata uso wa maji pipani. Upana wa pipa hauongezi mbio hata kidogo. Huongeza muda wa kuruka tu.

Kimo kikiwa meta 1, maji hutoka kwa mbio ya karibu meta 4,4 kwa segonde. Ukitaka mbio mara mbili, kimo sharti kiwe mara nne: meta 4.

Tena, maji hayapandi kupita uso wa maji ya pipa. Wala hayaufikii kamili, kwani hukwaruzana na tuyo, na hewa huyazuia. Kwa hiyo tuyo iwe fupi na pana, mdomo peke yake uwe mwembamba. Ukibana mdomo kwa kidole, maji huruka zaidi. Kidole hakikuongeza nguvu: maji machache hupita polepole katika tuyo, hukwaruzwa kidogo, na nguvu ya kimo hufika mdomoni karibu nzima.

Basi, niliwaambia vijana waziwazi kwamba mimi ndiye niliyekosa. Tukarudisha pipa dogo, tukaongeza matofali, na maji yakapanda. Wewe unayefundisha, mbele ya kutoa feza, pima kwanza kimo.