Kijana anataka pikipiki ya mwendo kasi? Pima mwili wake kabla ya injini

Mzazi mmoja ameniandikia wiki hii. Mwanawe ana miaka 23, ana kazi na akiba yake, na anataka pikipiki ya mwendo kasi, zile ambazo dereva huendesha akiwa ameinama juu ya tangi la mafuta. Amebakiwa na chaguo mbili: Yamaha R3 mpya au Yamaha R6 iliyotumika. Bei zimekaribiana, hivyo anamwomba baba amwongezee kidogo. Baba anauliza: “Daktari, kiafya kuna tofauti gani? Mimi naona zote zinafanana.”

Ndugu msomaji, zinafanana kwa macho tu.

R3 ina injini ya cc 321 na nguvu ya farasi takriban 42. R6 ina cc 599 na nguvu ya farasi karibu 120. Bodaboda ya kawaida ya cc 150 ina 12 hivi. Maana yake R6 ina nguvu za bodaboda kumi, na zote ziko mikononi mwa mtu mmoja. Lakini uzito wake unaizidi R3 kwa kilo 20 hivi tu. R6 inavuka kilomita 100 kwa saa ikiwa bado gia namba moja, wakati kwenye maeneo ya makazi hapa nchini mwisho ni kilomita 50.

Mwili unajua kasi tu

Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo huongezeka mara nne. Hapo ndipo daktari anapoona tofauti. Aliyeanguka akiwa kwenye mwendo mdogo mara nyingi huja na michubuko au mkono uliovunjika. Aliyeanguka akiwa kwenye kasi kubwa huja na damu ndani ya fuvu, mfupa wa mguu uliotoboa ngozi, au uti wa mgongo uliojeruhiwa. Wengine hutua kwa bega, mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi ikanyofoka shingoni. Mfupa unaweza kuunga, lakini mkono ule huenda usinyanyuke tena.

Mwaka 2007 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharamiwa na kampuni za bima, ilitangaza kwamba madereva wa pikipiki za kundi la R6 walikuwa wakifa kwa kiwango cha karibu mara nne ya madereva wa aina nyingine. Ulaya nako leseni hutolewa kwa hatua. Kijana huanza na pikipiki isiyozidi nguvu ya farasi 47 hivi, na ngazi kubwa huifikia baadaye, kwa umri au kwa uzoefu. R3 ingeruhusiwa katika hatua hiyo. R6 isingeruhusiwa.

Angalia breki kabla ya rangi

Dereva mgeni akishtuka hubana breki kwa nguvu zote. Taili la mbele likijifunga, pikipiki inalala chini kabla hajajua kilichotokea. Breki za ABS huzuia taili lisijifunge. IIHS imeona kuwa pikipiki zenye ABS huwa na ajali za vifo pungufu kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko zilezile zisizo nayo.

R6 zilizotengenezwa kabla ya 2017 hazina ABS, na kwa bei ya mkononi nyingi ni hizo. R3 zipo zenye ABS na zisizo nayo. Unapokagua, washa swichi: taa ya maandishi ABS iwake kwenye dashibodi, kisha izime pikipiki ikianza kutembea. Isipowaka kabisa, muulize muuzaji kwa nini.

Mpandishe juu yake

Kiti cha R3 kiko sentimita 78 kutoka ardhini, cha R6 ni 85. Kijana mfupi atagusa chini kwa ncha za vidole, na kwenye foleni ni rahisi kuangushwa na uzito. R6 pia inamlaza mbele zaidi, mwili ukiegemea viganja huku shingo ikiinuliwa kutazama njia. Mwache akae hivyo dakika kumi. Akihisi ganzi ya vidole au maumivu ya kiuno, safari ya saa moja itakuwa mateso.

Kama wewe au mwanao ana kifafa, anatumia insulini na sukari humshuka ghafla, au anameza dawa zinazoleta usingizi, zikiwamo baadhi za mafua na mzio, zungumzeni na daktari kabla ya kununua pikipiki yoyote.

Tenga fedha ya kofia

Shirika la Afya Duniani linasema kofia ngumu ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa zaidi ya mara sita. Chagua inayofunika uso na kidevu, yenye alama ya ECE 22.05 au 22.06, isiyocheza kichwani mkanda ukifungwa. Usinunue iliyotumika. Sehemu ya ndani inayofyonza kishindo hufanya kazi mara moja tu, na ukiitazama kwa nje huwezi kujua kama imeshaifanya. Ongeza koti, glavu na buti zinazofunika vifundo.

Jibu langu kwa baba ni hili: kama kijana ameshaamua kununua, iwe R3 yenye ABS, na fedha anayoomba uitoe kwenye kofia na mavazi. Usiiongeze kwenye injini. R3 nayo inaua, maana inapita kilomita 160 kwa saa. Lakini kijana akizidisha kidogo mkono kwenye mafuta, R3 humpa nafasi ya kujirekebisha, ambayo R6 humnyima.

Huenda akanuna, akakwambia wenzake wana kubwa. Mwache anune. Hasira za wiki mbili zitapoa, lakini uti wa mgongo ukikatika hauungi.