Mboga za Kiangazi: Chuma, Lakini Bakiza

Ninyi mnaokaa Kasansa na vijiji vingine vya Mpimbwe, katika Mkoa wa Katavi, mwajua jinsi mwaka wetu ulivyo. Mvua huanza mwezi wa Novemba, na ikifika Mei imekwisha. Halafu huja kipupwe cha Juni na Julai na baridi yake ya asubuhi, na baada yake jua kali la Septemba na Oktoba. Siku za kipupwe ghala zina mpunga na mahindi, na watu hufurahi wakisema, "Mwaka huu njaa haitatuona."

Ni kweli. Lakini tazameni sahani ya mtoto. Je, pamoja na ugali ule kuna nini?

Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Rukwa, jirani zetu, karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikulingana na umri wao. Na Rukwa ni mkoa unaosifiwa kwa mahindi! Sababu za kudumaa ni nyingi, kama vile maradhi na maji machafu. Lakini mojawapo ni hii: tumbo hujazwa kila siku kwa chakula cha namna moja. Majani ya kijani huupa mwili vitamini A ya kulinda macho, na madini ya chuma ya kuongeza damu. Ugali mweupe peke yake hautoshi kumpa mtoto vitu hivyo.

Basi, bustani ndogo karibu na kisima, au karibu na mto, ni mali kubwa wakati wa kiangazi. Wengi hulalamika kwamba jua limewamalizia mboga. Jua hukausha, sikatai. Lakini mara nyingi mkono wa mchumaji ndio uliotangulia kumaliza. Kwa hiyo yafaa tujifunze kuchuma.

Kwanza, chuma asubuhi na mapema. Wakati huo majani yamejaa maji, nayo hayanyauki upesi. Ukichuma saa saba mchana, utapeleka jikoni majani yaliyolegea.

Pili, jua namna ya kila mboga. Mchicha huwa tayari kwa kuchumwa baada ya wiki tatu au nne tangu kupandwa. Usiung'oe wote. Ukate juu kidogo, ukiacha shina lenye majani machache, nao utachipua tena. Sukuma wiki huchumwa kuanzia chini: majani mawili au matatu katika kila mche, na yale machanga ya juu yaachwe yaendelee kukua. Matembele na majani ya maboga huchumwa ncha. Lakini kama wataka viazi na maboga pia, usiuvue mmea nguo zote. Kunde nazo ni vivyo hivyo: ukizidi kuchuma majani, usitazamie mbegu nyingi.

Kisamvu husaidia sana, maana muhogo huvumilia kiangazi. Lakini kumbukeni, kisamvu kibichi kina sumu. Kitwangwe vizuri, kichemshwe katika chungu kisichofunikwa mpaka kiive kabisa.

Tatu, kama bustani imepigwa dawa ya wadudu, usichume kabla ya kutimia siku zilizoandikwa kwenye chupa au pakiti. Mboga iliyonawiri kwa macho yaweza kuwa na sumu juu yake.

Sasa tuseme neno juu ya soko. Kiangazi mboga ni adimu, na kwa hiyo bei yake ni nzuri. Si vibaya kuuza, maana chumvi na madaftari ya watoto hununuliwa kwa fedha. Ubaya ni pale mafungu yote yanapokwenda sokoni, na mwenye bustani mwenyewe anakula ugali kwa chumvi. Wekeni sheria hii nyumbani: kikapu cha kwanza ni cha chungu chetu, kikapu cha pili ni cha soko. Baba asiulize tu, "Umeuza kiasi gani?" Aulize pia, "Watoto wamekula nini?"

Na ikiwa mboga ni nyingi mwezi wa Mei na Juni, msiziache zikomae bure. Akiba haiozi. Wasukuma, ambao wengi wamehamia bonde hili pamoja na ng'ombe wao, wana desturi ya kuchemsha majani ya kunde na kuyakausha, nao huyaita nsansa. Ni desturi njema. Osha majani kwa maji safi, yatumbukize kidogo katika maji yanayochemka, yaipue, uyatandaze juu ya mkeka safi kivulini penye upepo. Jua kali huharibu vitamini A, kwa hiyo kivuli ni bora. Yakikauka hata yavunjike mkononi, yatie katika chombo kikavu chenye kifuniko. Mwezi wa Oktoba, bustani ikiwa kavu, utamshukuru Mungu. Wakati wa kupika, tia karanga zilizotwangwa au mafuta kidogo, maana mwili hupokea vitamini A vizuri zaidi pamoja na mafuta.

Tena, akina baba, msidhani kwamba bustani ni kazi ya mama peke yake. Yeye achote maji, apike, alee mtoto, tena amwagilie? Jengeni ua imara, kwa sababu mbuzi mmoja aweza kumaliza kazi ya mwezi mzima kwa asubuhi moja. Tandazeni majani makavu juu ya udongo ili unyevu usipotee. Watoto nao wamwage shinani maji yaliyooshewa mboga na mchele, badala ya kuyatupa uani.

Mwisho, katika mboga zinazopandwa kwa mbegu iacheni michache iliyo bora kuliko yote, isichumwe kabisa, mpaka itoe mbegu. Mchumaji mwenye akili huijua bustani yake ya mwakani kabla mvua haijarudi.