Hewa ya Bahati, Gari la Milango Miwili na Mbuzi wa Kikopey

Mabishano ya magari huku Nakuru yana mtindo wake. Mmoja anatoa simu, anaonyesha picha ya Toyota GR86 nyekundu na kutaja farasi 235. Mwenzake anamjibu kwa Nissan Z, farasi 405. Kabla hawajakubaliana lolote, wa tatu anauliza swali ambalo kila mtu alikuwa akilingojea: Jumapili tunakula wapi, Kikopey au Nyahururu? Kwangu mimi ninayeshinda na injini, hayo ni maswali ya ukoo mmoja. Gari na chakula vyote viko chini ya kitu kisichotajwa kwenye tangazo la gari wala kwenye orodha ya vyakula, nacho ni wepesi wa hewa ya huku juu.

Tuanze na hao farasi. Nguvu ya injini ambayo kiwanda hutangaza husawazishwa kwa hewa inayokaribia ile ya usawa wa bahari. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na ukipandisha kuelekea Bahati, Maili Kumi na mbele yake, unafika mita 2,000 na kupita. Kwenye mwinuko huo hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 18. Silinda ya injini haina habari hiyo. Pistoni inaposhuka inavuta ujazo uleule inaovuta Mombasa, lakini ndani ya ujazo huo mna oksijeni kidogo. Kompyuta ya gari inahisi upungufu huo na kupunguza petroli ili mchanganyiko usiharibike. Petroli ikipungua, moto unapungua, na nguvu inapungua.

Sasa piga hesabu. GR86 ina injini ya lita 2.4 isiyo na turbo. Inavuta hewa yenyewe. Inashuka melini Kilindini na farasi wake 235, na ikifika Bahati imebaki na 193 hivi. Farasi zaidi ya 40 wamepotelea njiani bila mtu kuiba hata skrubu. Ukiendelea nayo hadi Nyahururu, kwenye mita 2,360, wanapungua tena kidogo. Ndiyo maana kijana aliyeendesha gari lake Diani wakati wa Krismasi hurudi akiapa kwamba fundi wa Mombasa amelirekebisha. Hakuna alichorekebisha. Gari lilikuwa linapumua vizuri tu.

Nissan Z haiumii hivyo. Injini yake ya lita 3 ina turbo mbili. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo inasukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye silinda. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, kompyuta inaiamuru izunguke kasi zaidi hadi shinikizo linalotakiwa lipatikane. Si bure, kwa kuwa hewa iliyobanwa sana huwa ya moto, rejeta inafanya kazi kwa hewa ileile nyepesi, na ukikanyaga mafuta turbo huchukua muda zaidi kuamka. Hata hivyo sehemu kubwa ya nguvu inabaki. Ugomvi ambao kwenye karatasi ni wa farasi 235 kwa 405, Bahati unakuwa wa 193 kwa karibu 400.

Waliokulia hapa wamelijua jambo hili kwa miguu yao kabla ya kulisoma popote. Mapenzi ya Bonde la Ufa kwa Subaru Impreza yenye turbo yana sababu nyingi, Safari Rally ikiwamo: Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997. Lakini mtu aliyewahi kulipita lori la mbao kwenye mlima akiwa na turbo haelezwi tena. Ila niwe mkweli, Impreza nyingi zinazonguruma mjini Nakuru usiku hazina turbo yoyote. Zina bomba pana la moshi na mwenye imani.

Mbio hizo za Safari ndizo kumbukumbu yetu nzuri zaidi ya magari ya milango miwili. Kabla mtu hajasema gari la aina hiyo haliwezi barabara za Kenya, akumbuke Datsun 240Z, babu wa hii Nissan Z. Ilishinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, aliyekuja kushinda mara tano kwa jumla. Injini yake ya silinda sita ilikuwa ya lita 2.4, haikuwa na turbo, na ilikunywa petroli kwa kabureta. Kabureta haina akili ya kujua kwamba imepanda mlima. Hewa ikipungua, yenyewe inamimina petroli karibu kiasi kilekile, na gari linaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi. Fundi alilazimika kuchagua jeti (vitundu vinavyopitisha petroli) za kati, zisizofaa kabisa pwani wala milimani, lakini zinazovumilika kote. Kisha ikaja Toyota Celica yenye turbo, nayo ya milango miwili, ikashinda 1984, 1985 na 1986 mfululizo. Siwezi kusema turbo peke yake ndiyo iliyoshinda. Lakini ikikabidhiwa milima ya Kenya, turbo haikuwa mzigo.

Je, basi GR86 haifai Bahati? Hapo ndipo ninapoachana na vijana wa namba. Gari hilo lina uzito wa kilo 1,270 hivi, wakati Z inazidi tani moja na nusu. Tena injini yake imelala. Pistoni zake zinapigana ngumi kwa ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, kwa hiyo injini ni bapa na inakaa chini kabisa. Uzito ukikaa chini, gari halilali sana kwenye kona. Barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu inapita Bahati, inateremka Subukia, kisha inapanda ukingo wa bonde kwa kona mfululizo. Kwenye kona zile farasi 400 huna pa kuwamwaga. Unachohitaji ni usukani unaokuambia tairi inafanya nini, na GR86 inasema waziwazi. Hewa ileile nyepesi pia inapunguza upinzani wa upepo gari likienda kasi, faida ambayo haitumiki, kwa sababu kikomo cha gari dogo hata kwenye barabara kuu pana ni kilomita 110 kwa saa.

Injini hiyo ni ya Subaru. GR86 na Subaru BRZ ni ndugu wa tumbo moja, wanaotengenezwa kwenye kiwanda kimoja cha Subaru huko Gunma, Japani. Mabishano ya Toyota na Subaru ambayo yamewahi kuharibu urafiki huku kwetu yangepaswa kufia hapo. Hayafi. Wapenzi wa Subaru wanalalamika kwamba BRZ hailii kama Subaru, na wana haki: ule mlio wa kudundadunda wa Impreza za zamani ulitokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu. Kwenye gari hili yanalingana.

Kwenye barabara ya Kikopey hali ni nyingine. Kutoka Lanet unaingia barabara kuu ya Nairobi, unapita Mbaruk, na mbele yako kuna malori yanayojikokota. Kupita lori ni hesabu ya muda utakaokaa upande usio wako. Gari lenye farasi 193 huchukua muda mrefu kuliko karatasi yake inavyoahidi, na dereva aliyeisoma karatasi bila kukumbuka mwinuko anaanza kupita akiamini ana nafasi. Shuka gia mbili kabla ya kutoka nyuma ya lori, si baada. Injini isiyo na turbo hutoa nguvu yake ikizunguka kwa kasi, na ukiiacha kwenye gia ya tano itakuangusha mbele ya basi.

Halafu kuna matuta. GR86 inapita milimita 130 juu ya lami, Subaru Forester milimita 220. Tofauti hiyo ya upana wa kiganja ndiyo inayoamua kama utafika kwenye meza ukiwa na bampa. Matuta yetu hayakujengwa na mtu mmoja, na mengine ya vijijini yamejengwa na hasira. Yavuke kwa mshazari, tairi moja moja, ili pua ya gari inyanyuke kabla ya kugusa. Ukiwa na watu kwenye viti vya nyuma, waombe washuke. Watafurahi, maana viti hivyo havikukusudiwa watu wazima. Z haina viti vya nyuma kabisa, na kwa sababu hiyo kila kundi la wapenda magari hufuatwa na Toyota Probox iliyobeba wenzao waliobaki.

Tumefika Kikopey. Mbuzi wananing'inia buchani, unachagua mguu au mbavu, unapimiwa, nyama inapelekwa jikoni. Hapo hewa ya mwinuko inarudi. Kwenye mita 2,000 maji huchemka yakiwa nyuzi 93 hivi, si 100, na hayapandi zaidi hata ukichochea kuni mpaka asubuhi. Kwa hiyo kila kinachopikwa majini kinachelewa: githeri, maharagwe, supu ya kichwa. Sufuria ya presha ndiyo turbo ya jikoni, inarudisha shinikizo ambalo mlima umelichukua. Nyama ya kuchoma haihitaji msaada huo. Inapikwa na joto la makaa lenyewe, na mafuta yanayodondoka na kuwaka yanaipa harufu. Upande wake wa nje unapita nyuzi 100 bila kuuliza uko mwinuko gani. Samaki wa kukaanga na chipsi vivyo hivyo, kwa kuwa mafuta ya kukaangia huwa na joto lililopita mbali la maji yanayochemka. Sitasema watu wa Bonde la Ufa walipenda choma kwa sababu ya fizikia. Nasema tu kwamba mwenye njaa akiagiza choma Nyahururu hajakosea, na aliyeagiza githeri mbichi akae akijua.

Kama ni kuchagua, nachagua Kikopey kwa nyama na Nyahururu kwa barabara. Nyahururu una maporomoko ya Thomson, mita 74, na hoteli iliyojengwa mwaka 1931 pembeni yake, lakini mbuzi wa Kikopey hana mpinzani, hasa ubao ukiletwa na chumvi pembeni, kachumbari yenye pilipili na ugali wa moto. Nyama huchukua karibu saa nzima kuiva. Ndiyo saa ya watu kufungua boneti.

Saa hiyo pia ndiyo ya kuzungumzia bei, mada inayopunguza sauti. Gari lililotumika huingia Kenya likiwa na usukani wa kulia na lisilozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. GR86 iliingia sokoni Japani mwaka 2021 na Z mwaka 2022, kwa hiyo zote zinaruhusiwa. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, ushuru wa forodha ni asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa asilimia 25 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,500, kisha VAT asilimia 16, na kila mmoja unapigwa juu ya uliotangulia. Gari ambalo forodha imelithamini kwa shilingi milioni 2 linadaiwa zaidi ya milioni 1.9 kabla ya ada ndogondogo. Na thamani hiyo inatoka kwenye orodha ya mamlaka ya mapato, KRA, yenyewe, ikipunguzwa kwa umri wa gari. Risiti uliyopewa Japani haikusaidii. Injini ya Z ina sentimita za ujazo 2,997. Ingezidi 3,000, ushuru wa bidhaa ungeruka hadi asilimia 35. Sentimita tatu zinaokoa mnunuzi pesa nyingi kuliko fundi yeyote.

Tukirudi barabarani, anayechagua Nyahururu akumbuke kwamba barabara iliyompandisha itamshusha, na tumbo limejaa. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na kwenye mteremko mrefu wa kuelekea Subukia, anayeshikilia breki mfululizo anaziunguza mpaka mafuta yake yachemke na kanyagio liwe laini chini ya mguu. Hapo turbo haisaidii kitu. Teremka kwa gia ya tatu au ya pili, uache injini ikushike, na ukisikia harufu ya kuungua simama kando bila kuvuta breki ya mkono, maana diski yenye moto mwingi ikibanwa mahali pamoja huweza kupinda.