Mgonjwa wa Lutetiamu Arudipo Nyumbani

Miongoni mwa dawa zilizopatikana katika karne hii, ni chache zinazomtia mgonjwa wa saratani wahka, yeye pamoja na aila yake, kama ile itiwayo mshipani ilhali yenyewe inatoa mionzi. Kwani mtu aliyezoea kusikia kwamba mionzi ni kitu cha kukimbiwa huambiwa sasa kwamba ataingizwa mionzi hiyo damuni, kisha arejee kwake alale. Nakusudia kueleza moja ya dawa hizo, lutetiamu-177 kwa saratani ya tezi dume iliyokwisha kuenea mwilini, ambayo Marekani iliipa idhini mwezi wa Machi 2022. Na nitakaa zaidi katika siku za kwanza za nyumbani, maana hapo ndipo watu huumizana, ama kwa kutojali, ama kwa hofu iliyopita kiasi.

Seli nyingi za saratani ya tezi dume hubeba juu yake protini iitwayo PSMA, na dawa hii imeundwa kwa sehemu mbili zilizoshikamana: moja huitafuta protini ile na kuing'ang'ania, na ya pili ni lutetiamu yenyewe, itoayo mionzi ya beta isiyopenya zaidi ya milimita 2 hivi katika nyama ya mwili, hata ikaua yaliyo karibu na kuyasalimisha mengi yaliyo mbali. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupigwa kwanza picha maalumu ya kuthibitisha kwamba uvimbe wake unayo protini hiyo. Katika utafiti uitwao VISION, uliokusanya wagonjwa 831 ambao dawa nyingine zilikwisha kuwashinda, nusu ya waliopata lutetiamu juu ya matibabu ya kawaida waliishi zaidi ya miezi 15.3, na kwa wenzao waliopata matibabu ya kawaida peke yake kipimo hicho kilikuwa miezi 11.3. Huo si uponyaji, wala tabibu mkweli hatauahidi. Walakini miezi minne kwa mtu mwenye wajukuu ni neema kubwa.

Kipimo cha dawa ni gigabekereli 7.4 kila baada ya wiki 6, hadi mara 6. Huletwa katika kichupa kidogo kilichofungiwa ndani ya chombo kizito cha risasi, na kilichomo ni maji machache maangavu, pengine yenye umanjano kidogo. Muuguzi hupitisha kwanza maji ya chumvi ili ahakikishe mpira umekaa barabara mshipani, kisha dawa huingia kwa dakika chache, au kwa nusu saa ikitiwa kwa dripu. Na mgonjwa akihisi maumivu au kuvimba pale palipochomwa, aseme papo hapo. Muuguzi huyo akisimama kando na kufanya upesi, asidhaniwe kwamba amemchukia mtu: wewe unapata dawa mara 6, naye huishika mwaka mzima, na mionzi kidogo kidogo humkusanyikia.

Nguvu ya lutetiamu hupungua nusu kwa kila siku 6.6 hivi, lakini mwili wenyewe hauingoji, kwa kuwa dawa isiyopata pa kushika huchujwa na figo na kutoka kwa mkojo, nyingi yake katika siku 2 za mwanzo. Basi mgonjwa na anywe maji mengi, na aende haja ndogo mara kwa mara hata usiku, asiache kibofu kikae kimejaa. Mwanamume akae chini anapokojoa, ili matone yasiruke. Choo kimwagwe maji mara mbili. Mikono ioshwe kwa sabuni. Na katika nyumba zetu, ambamo mtu hutawadha kwa kopo, ni bora mgonjwa awe na kopo lake siku hizo, maana mpini wa kopo hushikwa na kila mkono wa nyumba. Nguo iliyoingia mkojo ifuliwe mbali na nyingine.

Lutetiamu hutoa pia mionzi ya gama, dhaifu lakini ipitayo nje ya mwili, na dawa ya hiyo ni umbali, kwani umbali ukizidishwa mara mbili, mionzi hushuka hadi robo. Mwongozo wa Marekani humtaka mgonjwa akae mita 1 hivi na watu wazima kwa siku 2, na watoto na wajawazito kwa siku 7. Alale chumba mbali na watu wazima kwa siku 3, na watoto kwa siku 7, na mjamzito kwa siku 15. Tendo la ndoa liachwe siku 7, na mwanamume ajizuie kutungisha mimba hadi wiki 14 baada ya kipimo cha mwisho. Hospitali yaweza kuamuru zaidi au pungufu, na amri yake ndiyo ya kufuatwa. Hivyo mjukuu na aamkie kutoka mlangoni, asipakatwe, wala asibusu mkono wa babu yake wiki hiyo. Lakini kumpelekea sahani ya wali na kusimama kitambo kumjulia hali hakumdhuru mtu mzima. Mgonjwa huyu si najisi, na inanisikitisha kwa dhati kusikia mzee ametengwa chumba cha uani mwezi mzima, ilhali siku chache zingalitosha.

Uchovu, kinywa kukauka na kichefuchefu hutokea sana. Damu nayo hupungua, na kwa hiyo hupimwa kabla ya kila sindano.

Ikitokea mgonjwa amefariki siku hizo za mwanzo, jamaa waiarifu hospitali kabla ya kuosha maiti, wapewe maelekezo ya kujikinga. Naye aliyetibiwa ng'ambo asikate tiketi ya kurudi bila idhini ya tabibu, tena asafiri na barua yenye jina la dawa, kiasi na tarehe, kwani vipima mionzi vya viwanja vya ndege huweza kulia hata wiki kadhaa baada ya sindano.