Mchoro wa Bei na Daftari la Mvuvi

Wiki hii nazungumzia jambo ambalo baadhi ya vijana wetu hapa Nyegezi, wakiwemo wanafunzi, wanalitolea hata fedha za ada: biashara ya fedha za kigeni kwa njia ya simu. Mwalimu huwaonyesha mchoro wa bei wenye vijiti vyekundu na vya kijani, huvuta mstari, kisha hutamka kwamba hapa bei itapanda. Wameniuliza mara nyingi: je, hii ni sayansi?

Kazi hiyo huitwa uchambuzi wa kiufundi. Wafuasi wake huamini kwamba bei zilizopita huacha nyayo. Kwa mfano, huchukua wastani wa bei za siku 200; bei ya leo ikipanda juu ya wastani huo hununua, ikishuka chini yake huuza.

Upande wa pili wako wanahisabati wa fedha. Hao nao wanakula sahani hiyo hiyo ya bei zilizopita. Lakini Mfaransa Louis Bachelier, katika tasnifu yake ya mwaka 1900 huko Paris, alizichukulia bei kuwa zinakwenda kwa bahati, hatua kwa hatua. Tangu hapo wenzake wamekuwa wagumu kushawishika. Kwa maoni yangu kinachowatenganisha na wachora mistari si kompyuta, ni daftari.

Tuchukue dagaa. Wavuvi wetu hutoka usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa hupoteza nguvu ya kuwavuta. Kanuni hiyo ina sababu. Sasa tuseme mvuvi mwingine anadai kwamba akimwona ndege fulani jioni, mtumbwi utajaa. Atakusimulia siku tatu alizopatia. Mwanahisabati atamwomba daftari la siku zote, pamoja na zile alizorudi mikono mitupu; ataondoa gharama ya mafuta, kisha atauliza: bahati peke yake isingeweza kuleta matokeo haya?

Na bahati si kitu kidogo. Wachukue abiria 64 pale stendi ya Nyegezi, kila mmoja arushe sarafu mara 6. Kwa wastani, mmoja wao atapata kichwa mara zote 6. Huyo ndiye atakayefungua darasa!

Hata hivyo tusiwadharau wachora mistari. Mwaka 1992 Brock, Lakonishok na LeBaron walipima kanuni rahisi za aina hiyo kwa bei za hisa za New York tangu 1897 hadi 1986, wakaona zina jambo ndani yake. Ila mwaka 1999 Sullivan, Timmermann na White walipima kanuni karibu 8,000, na ile iliyong'ara kuliko zote haikufua dafu katika miaka 10 iliyofuata.

Mwaka huo huo wa 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu. Hakuna bei ya sangara ya juzi wala ya jana ambayo ingemwambia mvuvi wa Mwanza habari hiyo inakuja.

Kijana wa simu ana hatari zaidi. Akifanya biashara ya mara 100 ya fedha aliyoweka, bei ikienda kinyume kwa asilimia 1 tu, amana yake imekwisha. Kwa hiyo anayeuza ishara za kununua na kuuza na aulizwe daftari lake lote, si picha za siku alizoshinda.

Wengine huniuliza kama michoro hiyo inafaa kwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za TOL. Taabu ni kwamba ziko hisa zinazopitisha siku nyingi bila kuuzwa hata moja, na mstari wake hulala kama ziwa lisilo na upepo. Hapo mchora mistari na mwanahisabati wote hukosa cha kusoma, na itawabidi wafungue taarifa ya hesabu za kampuni.