Ndondocha kumi wangekula magunia mangapi?

Katika vijiji vya korosho, kuanzia Newala na Tandahimba hadi kwenye mlango wa Mto Ruvuma, mkulima akivuna kupita wenzake hakosi kusemwa. Wataambiana ana ndondocha: watu waliodhaniwa wamezikwa, kumbe walichukuliwa kichawi, kaburini ukalazwa mgomba, na sasa wanalima usiku na kulishwa pumba. Kwingine nchini huitwa misukule.

Roho inakwenda wapi baada ya kifo ni suala la masheikh na mapadri. Sayansi haina kipimo chake. Lakini ndondocha anasemwa kuwa na mwili: anashika jembe, anakula, anatembea. Chenye mwili kinapimika, basi tukipime.

Hesabu ya chakula

Mtu mzima anayelima kwa jembe la mkono huhitaji takribani kilokalori 3,000 kwa siku. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kama 3,600. Mwenye ndondocha kumi angehitaji zaidi ya kilo nane za unga kila siku, yaani tani tatu kwa mwaka: magunia 30 ya kilo 100. Akitumia pumba hali inakuwa ngumu zaidi, kwa kuwa ina nyuzinyuzi nyingi ambazo utumbo wa binadamu haumeng'enyi. Mzigo huo usingepita mashineni bila kijiji kizima kujua.

Kuna na msuli wenyewe. Hufanya kazi kwa nishati inayotokana na chakula na oksijeni, vinavyoletwa na damu. Moyo ukisimama, seli za ubongo huanza kufa ndani ya dakika chache. Saa kadhaa baadaye viungo hukakamaa, kwa sababu nishati ya kuilegeza misuli imekwisha. Waosha maiti wanalijua hilo vizuri. Mkono wa namna hiyo haulimi.

Vipi kama hakufa?

Swali hili lilichunguzwa Haiti, ambako wapo wanaoamini jambo kama hili. Miaka ya 1980 mtafiti Wade Davis alidai kwamba waganga wa huko hutumia unga wenye sumu ya bunju, samaki anayepatikana pia katika pwani yetu, yule anayejijaza hadi kuwa kama mpira akitolewa majini. Sumu yake, tetrodotoksini, huziba njia za sodiamu kwenye neva. Midomo hufa ganzi, viungo hulegea, kisha misuli ya kupumua husimama, na mgonjwa anaweza kuwa na fahamu zake huku hawezi hata kufumbua jicho. Haina dawa ya kuiondoa na haimalizwi na moto wa jikoni, kwa hiyo bunju asiliwe kamwe. Lakini anayenusurika hupona kwa siku chache. Hageuki mtumwa wa miaka. Tena wanasayansi wengine walipopima unga wa waganga hao walikuta sumu kidogo mno.

Mwaka 1997 madaktari Roland Littlewood na Chavannes Douyon walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa watu watatu wa Haiti waliodaiwa kurudi kutoka kaburini. Mmoja alikuwa na skizofrenia, wa pili kifafa na athari za ubongo, wa tatu ulemavu wa akili. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba wawili hawakuwa ndugu wa familia zilizowapokea. Inaelekea wafiwa walimwona mpendwa wao katika sura ya mgonjwa anayetangatanga.

Siri ya mavuno

Utajiri wa korosho nao una maelezo yake. Mavuno ya nchi yalifika tani 145,000 msimu wa 1973/74, kisha yakaporomoka hadi chini ya 17,000 mwaka 1986/87. Bei mbaya na watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, vilichangia. Chanzo kingine ni ubwiri unga, ukungu mweupe unaofunika maua na majani machanga. Ua hukauka kabla ya kufunga tunda. Watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walifundisha kupulizia salfa, kupogolea na kupanda mbegu bora. Anayepulizia kwa wakati huvuna. Anayechelewa huokota kidogo, hata mashamba yakipakana.

Kumsingizia mtu uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, na wazee wasio na hatia wamepoteza maisha kwa tuhuma za aina hiyo. Kwa hiyo ukimkuta mtu anazurura, hajui jina lake, kinywa kimekauka na watu wanapiga kelele za ndondocha, mkinge na umati, mpe maji kama anaweza kumeza, kisha mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Ligula mjini Mtwara. Huyo ni mgonjwa, huenda ana ndugu wanaomtafuta, na kifafa na maradhi ya akili yana tiba.