Hakiki, thibitisha na idhinisha: maneno ya mwongozo kwa wakala wa akili unde

Wakala (nomino, wingi mawakala) ni mtu aliyepewa mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine. Kutoka Mnazi Mmoja hadi Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, neno hili humkumbusha msikilizaji kwanza mtu wa kuweka na kutoa pesa za simu, au wakala wa forodha anayegomboa mizigo bandarini. Siku hizi maana yake imepanuka. Wakala wa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, ni programu inayopokea lengo kutoka kwa mtu, kisha ikachagua na kuendesha zana nyingine ili kulitimiza. Namna ya kuitumia kila zana huijua kwa kusoma mwongozo. Karani akikuta neno lenye utata huuliza. Programu huweza kukisia na kuendelea.

Vitenzi vitatu huchanganywa mara kwa mara katika miongozo ya zana za uhakiki. Kuhakiki ni kupima jambo kwa kulilinganisha na kanuni. Kuthibitisha ni kuonyesha kwa ushahidi kwamba jambo ni kweli. Kuidhinisha ni kutoa ruhusa ya jambo kufanyika.

Mfano ni risiti ya mashine ya EFD, mashine zilizoanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2010. Risiti hiyo hubeba TIN ya muuzaji, tarehe, saa, kiasi cha kodi na namba ya uhakiki. Zana ya programu inaweza kupima mambo kadhaa bila kumuuliza mtu: kwamba TIN ina tarakimu 9, na kwamba bidhaa ya shilingi 100,000 inayotozwa VAT ya asilimia 18 ina kodi ya shilingi 18,000 na jumla ya shilingi 118,000. Hesabu zikikubali, risiti imehakikiwa umbo tu. Ili kujua kama ilisajiliwa kweli, sharti ilinganishwe na kumbukumbu za TRA, ambayo tovuti yake humwezesha mnunuzi kuingiza namba hiyo. Hata hapo, haijathibitika kwamba mzigo ulitoka dukani.

Mwongozo ukiandika “zana hii inathibitisha risiti”, wakala atamwarifu mfanyabiashara kwamba risiti imethibitishwa. Naye, kwa kuamini neno hilo, aweza kulipia mzigo au kujaza ritani ya kodi kwa karatasi iliyoghushiwa na mtu anayejua hesabu. Zana haikukosea, kilichokosewa ni kitenzi.

Utata wa pili umo katika maneno ya wajibu. Mwaka 1997 wahandisi wa intaneti wa IETF walitoa waraka RFC 2119 unaotenganisha lililo sharti, linalopendekezwa na la hiari. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa daraja hizo: sharti, yafaa na ni hiari. Neno la kuepukwa ni “inaweza”. Sentensi “Zana inaweza kufuta faili” yaweza kumaanisha kwamba zana ina uwezo huo, imeruhusiwa, au kuna hatari ya jambo hilo kutokea. Mwandishi achague moja: “ina uwezo wa kufuta”, “imeruhusiwa kufuta”, au “huenda ikafuta”.

Utata wa tatu ni saa. Mfanyabiashara asemapo “risiti ya saa nane mchana”, mashine imeandika 14:00. Wakala asiyeelezwa hivyo ataitafuta saa 08:00, aikose, kisha atoe taarifa kwamba risiti haipo. Mwongozo utaje saa kwa mfumo wa saa 24, na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kama 2025-04-03. Kwa kuwa 03/04 husomwa Aprili na mmoja, Machi na mwingine.

Maelezo kamili ya amri moja yaweza kuandikwa hivi:

Amri: hakiki risiti.
Hupokea: TIN, bei kabla ya kodi, kodi, jumla, tarehe na saa.
Hurudisha: 0 ikiwa kanuni zote zimetimizwa, 1 ikiwa kanuni yoyote imevunjwa, pamoja na jina la kanuni hiyo.
Haifanyi: haithibitishi kwamba risiti ilisajiliwa, wala haiidhinishi malipo.
Ikirudisha 1: wakala asibadili tarakimu ili hesabu ikubali, sharti airudishe risiti kwa mtu aliyemtuma.

Mistari miwili ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi. Wakala aliyepewa lengo la “kupata 0” na asiyekatazwa kurekebisha huweza kuibadili risiti yenyewe, na mwenye duka akabaki na hesabu safi isiyolingana na mauzo yake.

Matumizi: wakala hufuata upatanisho wa A-WA hata akiwa programu: “wakala amehakiki”. Zana hufuata I-ZI: “zana imehakiki”. Mhakiki ni mtu. Uhakiki ni kitendo, na katika fasihi ni taaluma ya kuchambua kazi za sanaa.